Ruta ya nyumbani ikiganda: wakala wa akili mnemba, soketi janja au swichi ya SMS?

MwanaRungwe (Mbeya mjini)
Wakuu, habari za leo. Wazazi wako Tukuyu, mimi niko Mwanjelwa. Ruta yao ya 4G inaganda mara kwa mara msimu huu wa mvua: taa zinawaka, intaneti hakuna. Ikizimwa na kuwashwa, inarudi. Mama ana shida ya magoti na ruta iko juu dirishani, kwa hiyo nampigia kijana wa jirani, ambaye si kila saa yupo. Nina wakala wa akili mnemba, yaani programu inayofanya kazi yenyewe kwa niaba yangu, anayeshughulikia barua pepe zangu. Nataka nimpe na kazi hii, akiona kumekatika aiwashe upya mwenyewe. Au ninunue soketi janja, ile ya kuzima na kuwasha kwa simu kupitia WiFi? Au swichi ya SMS, inayopokea amri kwa ujumbe wa simu?

FundiUyole
Mkuu, jiulize kwanza amri itapita wapi. Wakala wako yuko kwenye seva za mbali. Intaneti ya Tukuyu ikikatika, naye hafiki. Ataona tu kwamba ruta haijibu. Hata ikiwa hai, laini nyingi za simu hazitoi anwani ya IP ya umma, yaani anwani ya kuifikia ruta moja kwa moja kutoka nje, kwa hiyo utahitaji kifaa pale nyumbani chenye WireGuard au Tailscale, programu za kufungua njia salama (VPN) ya kuingia.

DadaKihesa
Soketi janja ni nzuri, ila wengi wananasa hapa. Inatumia WiFi ya ruta ileile. Ukituma "zima", ruta inazimika, WiFi inaondoka nayo, na "washa" haifiki tena. Hapo umewafungia wazazi mtandao mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono, na wakala hana la kufanya. Amri iwe moja tu, soketi izime kisha ijiwashe yenyewe. Soketi za Shelly zina kipima muda cha kujiwasha. Zenye programu ya Tasmota unaandika Backlog (amri kadhaa kwa mfululizo) yenye Delay 300 (kusubiri, kwa sehemu za kumi za sekunde), yaani sekunde 30. Halafu kagua mpangilio wa umeme unaporudi, uwe "washa", la sivyo umeme ukikatika usiku asubuhi utakuta soketi imezima.

MzeeMakambako
Kijana wangu, mimi nasimama na SMS. Swichi ina laini yake, haiitegemei ruta. Ruta nyingi zinatumia volti 12, basi pitisha swichi kwenye waya wa adapta, usichezee umeme wa ukutani. Funga upande wa NC, ule unaopitisha umeme swichi ikiwa imelala, ili swichi ikifa ruta iendelee kupata umeme. Na ikubali namba yako tu.

MafingaUsalama
Naongeza kuhusu wakala, maana hili linanisumbua sana. Anasoma barua pepe zako. Mtu akificha maagizo ndani ya barua, wakala anaweza kuyatii akidhani yametoka kwako. Ukiwa umempa nywila ya msimamizi wa ruta, umempa funguo za nyumba nzima: DNS, inayoelekeza majina ya tovuti, inabadilishwa na wazazi wanapelekwa kwenye tovuti bandia za benki bila kujua. Mpe kitufe kimoja tu, kisichozidi mara moja kwa saa. Mara ya pili ikishindikana, aache na akujulishe wewe. Na asiguse kabisa ruta inapojisasisha, umeme ukikatwa hapo katikati inaweza kuharibika moja kwa moja.

MwanaRungwe
Asanteni sana. Mzee wangu, shikamoo. Kwa hiyo wakala hana nafasi kabisa?

FundiUyole
Anayo, ila si kwenye swichi. Kujua kama intaneti ipo hakuhitaji akili mnemba. Ruta zenye programu ya OpenWrt zina watchcat, za MikroTik zina Netwatch, zana za kuchunguza kama mtandao upo. Zinapima kutoka ndani ya nyumba na kuchukua hatua bila kumuuliza mtu. Ukiwa na MikroTik, pima 1.1.1.1 na 8.8.8.8 (anwani za Cloudflare na Google), na iwashwe upya zote mbili zikikosekana kwa dakika 10. Wakala mpe kumbukumbu za ruta azisome: inaganda saa ngapi, mawimbi yalikuwaje, umeme ulikatika kabla? Kama ni mnara unaolemewa jioni, kuzima na kuwasha hakutamsaidia mama.

MzeeMakambako
Marahaba, mwanangu. Laini ya swichi iwekee salio na uitumie mara kwa mara, zisizotumika hufungwa. Na ruta ishushwe dirishani, iwekwe anapofika mama.

MwanaRungwe
Nimekuelewa mzee. Jumamosi napanda Tukuyu na swichi ya SMS. DadaKihesa, hiyo Shelly Iringa mnainunua wapi?