Kuhusu: Sindano zilizokwisha kazi

Ndugu wapendwa, assalaam aleikum.

Mimi ni fundi cherehani, na tangu nihamie Tokyo nimekusanya kopo zima la sindano zilizopinda au kukatika. Jirani yangu, bibi mtu mzima, aliponiona nikitaka kulimwaga katika taka alinizuia, akasema nisubiri Februari. Kijapani changu ni cha kuokoteza, sikuelewa sababu. Je, kuna anayejua?

*

Waaleikum salaam, dada yangu.

Jirani yako alikusudia hari-kuyo, yaani ibada ya kuziaga sindano, ambayo hapo Tokyo hufanyika tarehe 8 Februari. Kwa desturi, siku hiyo washonaji hawagusi sindano. Zile zilizokwisha kazi huzipeleka hekaluni na kuzichomeka katika tofu, kile chakula laini cha maharage ya soya, kwa kuwa sindano iliyosukumwa miaka yote katika vitambaa vigumu inastahili kupumzishwa penye ulaini. Panapojulikana zaidi ni Awashima-do, jengo dogo lililo ndani ya eneo la hekalu la Senso-ji, Asakusa. Nilipokwenda mwaka juzi, bibi mmoja mbele yangu alikunjua karatasi, akatoa sindano moja tu iliyokatika ncha, akaichomeka taratibu kati ya pini zenye vichwa vya rangi, kisha akafumba mikono na kukaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Inasemekana kwamba wanawake wa zamani waliziambia sindano siri wasizoweza kumwambia mtu. Sikushangaa, maana marehemu nyanya yangu kule Pangani hakuwahi kushona kofia bila kunong'ona.

Kuhusu dini, hii ni ibada ya Kibudha na sala zao husomwa, hivyo kila mmoja apime mwenyewe. Mimi nilisimama pembeni nikitazama. Ukiona si yako, zifunge sindano katika kopo la bati, andika juu yake "kiken", yaani hatari, kwa maandishi yao, kisha ulitoe siku ya taka zisizochomwa. Tazama kwanza kalenda ya kata yako, kwa sababu kila kata ina utaratibu wake, na wakusanyaji wataliacha kopo hapo hapo wakiona umekosea siku.

*

Naomba kuongeza kwa walio huku Kansai, yaani upande wa Kyoto na Osaka. Kwetu siku yenyewe ni tarehe 8 Desemba, na katika hekalu la Horin-ji, Arashiyama, mjini Kyoto, badala ya tofu hutumika konnyaku, kile chakula cha kunesanesa kitokanacho na kiazi, na sindano kubwa zinazochomekwa humo huwa zimetungwa nyuzi za rangi. Hata hivyo jumba la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, liitwalo Awashima, huko Kada mkoani Wakayama, hufuata tarehe 8 Februari, kwa hiyo msije mkafunga safari kwa kukisia. Tena msizibebe katika karatasi ndani ya treni. Kichupa chenye kifuniko kinatosha.