Picha mbili za jicho la mzee, madaktari wawili hawapatani: nifuate lipi?

BintiMwalimu (Kisumu)

Hamjambo wadau. Naomba ushauri kabla sijafanya jambo nitakalolijutia.

Baba yangu ana miaka 68, mwalimu mstaafu, anaishi Butere. Presha ya macho, yaani glakoma, ule ugonjwa unaoua neva ya jicho polepole, iligunduliwa 2022 alipokwenda kutafuta miwani ya kusomea. Hakuwa na maumivu wala wekundu. Tangu hapo anatumia matone, timolol asubuhi na jioni, na baadaye akaongezewa latanoprost ya usiku.

Machi 2023 alipigwa ile picha ya OCT, ya kuweka kidevu kwenye kibao na kukazia macho kinukta cha mwanga. Karatasi ilisema unene wa nyuzi za neva ni 78 jicho la kulia na 71 la kushoto. Daktari akaniambia niitunze kama hatimiliki ya shamba, kwa sababu zote zitakazofuata zitapimwa kwayo. Nikaitunza.

Mwezi jana mashine ya pale ilikuwa imeharibika, tukaenda kliniki nyingine. Sasa kulia 70, kushoto 61, na mchoro wa jicho la kushoto umejaa rangi nyekundu. Daktari hakukaa nasi dakika tano. Alitazama ule wekundu, akasema ugonjwa unakimbia, mzee apasuliwe jicho la kushoto haraka, shilingi 85,000, nusu ilipwe wiki hii. Presha siku hiyo ilikuwa 17 na 19.

Nilipompigia daktari wa kwanza akasema mzee asiguswe mpaka arudie picha. Kaka zangu wa Nairobi wamegawanyika, na mmoja ameshafungua kikundi cha WhatsApp cha mchango. Baba mwenyewe anasema anaona vizuri, na kweli gazeti anasoma. Lakini juzi alipiga teke ndoo ya maji pale mlangoni, akamgombeza mama kwa kuiweka njiani. Ndoo hiyo imekaa pale tangu nikiwa darasa la tatu.

Nifuate lipi?

JaKondele

Mimi si daktari, ila hapo naona kinachokimbia ni ile nusu ya wiki hii.

Omena_Fresh

Pole dada. Shangazi yangu wa Ahero aliambiwa hivyo hivyo. Akatafutiwa mzee mmoja wa mitishamba, akatiwa maji ya majani jichoni siku saba, sasa anachagua mchele mwenyewe. Mpe pia karoti kwa wingi.

NesiMstaafu (Vihiga)

Omena, nakuheshimu lakini hapana. Miaka niliyokaa wodi ya macho nimepokea watu waliotiwa maji ya majani, kioo cha jicho kimeshaota kidonda. Mwingine alikuwa na glakoma, akatoka na matatizo mawili. Neva ikifa kwa glakoma hairudi, si kwa majani, si kwa karoti, wala kwa upasuaji. Kinachofanyika ni kulinda iliyobaki. Shangazi yako huenda alikuwa na mzio tu, tumshukuru Mungu.

MpigaPicha_Nakuru

BintiMwalimu, kazi yangu ni kukaa nyuma ya hizo mashine. Sitakuambia mzee apasuliwe au asipasuliwe, huo ni uamuzi wa daktari. Ila kusoma karatasi naweza kukusaidia. Chukua zote mbili utazame vitu viwili: jina la kampuni ya mashine pale pembeni, na alama ya ubora wa picha. Pia niambie, kuna mtu amemwambia mzee ana mtoto wa jicho?

BintiMwalimu

Kampuni ni tofauti. Alama ya 2023 ni 8 juu ya 10. Ya mwezi jana ni 5 juu ya 10. Na ndiyo, mtoto wa jicho unaanza jicho la kushoto, walisema bado mchanga.

MpigaPicha_Nakuru

Basi sikiliza.

Mashine inarusha mwanga hadi nyuma ya jicho na kupima unene wa zile nyuzi zinazoingia kwenye neva. Kipimo ni maikroni, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu. Kwa mtu mwenye macho mazima wastani huwa kati ya 90 na 100 hivi, na uzee peke yake hupunguza karibu nusu maikroni kwa mwaka. Kutoka 71 hadi 61 ni kushuka kukubwa, sikatai. Swali ni kama zimeshuka kweli.

Kwanza, kila kampuni ina namna yake ya kuchora mpaka wa tabaka lile. Mtu mmoja, siku moja, akitoka kiti hiki akaketi kile, anaweza kupata namba mbili tofauti bila jicho kubadilika. Ni kama kupima mahindi kwa gorogoro la soko hili na debe la soko lile halafu kusema mahindi yamepungua. Hata mashine ileile ikirudia, namba huyumba maikroni nne au tano.

Pili, ile 5. Kwa mashine zinazotoa alama juu ya 10, chini ya 6 sisi huifuta na kupiga tena. Picha hafifu huonyesha nyuzi nyembamba kuliko zilivyo. Na kinachoifanya iwe hafifu mara nyingi ni mtoto wa jicho, jicho kavu, au mboni ndogo. Mzee wako anao mtoto wa jicho upande uleule uliojaa wekundu. Aliyempiga picha alipaswa kumwambia apepese macho, amtie tone la kulainisha, arudie. Pengine foleni ilikuwa ndefu.

Tatu, na hili ndilo linalowachanganya watu: ule wekundu haumaanishi ugonjwa unasonga. Unamaanisha kwamba, ukimlinganisha na kundi la watu wazima wenye afya ambao kampuni iliwapima, mzee yuko chini kabisa. Angeweza kuwa mwekundu miaka kumi bila kusogea. Kujua kama unasonga unamlinganisha mzee na mzee mwenyewe, wa mwaka huu na wa mwaka jana, kwa mashine moja. Picha mbili ni haba mno. Ya tatu na ya nne ndizo zinazoanza kusema ukweli.

Sasa ndoo. Hiyo imenitia wasiwasi kuliko karatasi. Nyuzi za juu ya neva ndizo zinazobeba habari za chini ya macho. Zikifa, mtu anasoma gazeti vizuri ila haoni kilicho miguuni. Tazama karatasi ya 2023, lile duara lililogawanywa kama keki. Kipande cha juu kina rangi gani?

BintiMwalimu

Njano jicho la kulia. Nyekundu la kushoto. Hiyo ni ya 2023!

MpigaPicha_Nakuru

Ndiyo nilivyodhani. Basi sehemu ya shida ni ya zamani, hakuna aliyewaeleza. Omba kipimo cha upana wa kuona, kile cha kubonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga. Wazee hukichukia kwa sababu kinachosha, na cha kwanza mara nyingi huwa kibaya kwa kutozoea, kwa hiyo arudie. Picha na kipimo hicho vikikubaliana, hapo una jambo. Tena nyuzi zikishafika 50 na kitu, mashine ya picha haishuki zaidi hata ugonjwa ukiendelea, na hapo hicho cha kitufe ndicho kinachobaki kuwa macho yenu.

Uliza pia kama aliwahi kupigwa picha ya kawaida ya rangi ya neva. Usiidharau. Hapa Nakuru watu 4,414 wa miaka 50 na zaidi walipimwa macho 2007 na 2008, wakafuatwa tena 2013 na 2014. Katika ufuatiliaji ule ndipo Andrew Bastawrous na wenzake walipojaribu kifaa cha Peek cha kubandika kwenye simu, na matokeo yao ya 2016 yalionyesha picha za simu zilitosha kukadiria ukubwa wa kile kikombe, yaani kishimo cha katikati ya neva ambacho glakoma hukipanua, zikilinganishwa na za kamera kubwa ya mezani. Picha ya rangi haijali sana kampuni. Unaweka ya zamani na mpya bega kwa bega, unatazama kama kikombe kimepanuka au kama kuna kidoa cha damu ukingoni. Kidoa hicho ni dalili mbaya, na OCT inaweza isikionyeshe.

Kibos_Mstaafu

Mimi ninao ugonjwa huo mwaka wa tisa. Jicho moja nilipasuliwa, na sijuti, lakini ilikuwa baada ya vipimo vingi. Mwalimu aulizwe kwa upole kama kweli anatia matone. Mimi nilimdanganya daktari wangu miaka miwili.

NesiMstaafu (Vihiga)

Kibos amegusa penyewe. Na hiyo 17 na 19 isiwape usingizi mnono. Ya kawaida ni 10 hadi 21, ila neva iliyokwisha umia huenda ikataka chini zaidi, daktari amwekee mzee shabaha yake. Ulizeni pia habari ya leza ya SLT, ya kushusha presha ya jicho. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, uliochapishwa 2021 uliilinganisha na timolol: baada ya mwaka, leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, timolol 31. Si kila jicho linafaa, lakini ni swali halali. Kama mko huko Butere, hospitali ya macho ya Sabatia si mbali. Pigeni simu kwanza muulize mashine gani ziko na zinafanya kazi.

Na wewe mwenyewe na kaka zako mkapimwe. Mtoto wa mwenye glakoma yuko hatarini kuliko mtu baki.

BintiMwalimu

Nimerudi. Nilikwenda Butere Jumamosi, nikaomba kuona dawa.

Mwalimu ni mwalimu. Kila chupa ya latanoprost ameiandika tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu nyekundu, mwandiko ule wa ripoti za shule. Iliyokuwa ikitumika ilifunguliwa miezi mitatu iliyopita, nikiitikisa bado inacheza maji. Macho mawili kila usiku, chupa ile haivuki wiki sita. Nikauliza. Akanyamaza, mama ndiye akasema: huwa anatia wiki ya kwenda kliniki, siku nyingine anaibana kwa sababu ni ghali na hakutaka kutusumbua.

NesiMstaafu (Vihiga)

Kwa hiyo 17 na 19 ni presha ya wiki ya kliniki. Hakuna anayejua ya wiki nyingine. Mwambieni daktari hilo kabla hajafungua karatasi yoyote, na asimkaripie. Muonyesheni mzee pia abane pembe ya jicho karibu na pua dakika mbili baada ya kutia, dawa isishuke kooni. Na ana pumu? Timolol haipatani na pumu.

BintiMwalimu

Pumu hana. Mashine ya kwanza imetengenezwa, tumepewa Alhamisi: picha, kitufe, na picha ya rangi. Upasuaji nimewaambia wasubiri, hatujakataa.

Kaka wa kikundi cha mchango ameuliza kama arudishe pesa za watu. Nimemwambia azishike, chupa ni ya kila mwezi.