Tangi la sm 180: lifungwe mkanda wa kioo au liachwe wazi juu?

Kambale_Kiziwi
Wakuu habarini. Naagiza tangi la urefu sm 180, upana 60, kimo 60. Watakaokaa humo ni samaki wa Ziwa Tanganyika, Cyprichromis na Tropheus, pamoja na mawe ya kutosha. Mimi napenda yale ya wazi, yasiyo na kitu juu. Fundi wa vioo ana kioo cha mm 12. Anasema kinafaa kwa namna zote mbili, likiwa na mkanda (vipande vya kioo vya kushika ukingo wa juu) au likiwa wazi, ila likiwa wazi ataongeza silikoni. Nimwamini? Au niongeze unene?

Kona4
Mkuu, silikoni haichukui nafasi ya unene. Tangi hilo likijaa, maji yanakisukuma kioo cha mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 320 hivi. Kioo kimeshikwa chini na kwenye kona mbili, lakini ukingo wa juu hauna kinachoushika, kwa hiyo katikati kinabinuka kwenda nje. Kila kinapobinuka kinaivuta silikoni ya chini na ya kona, usiku na mchana. Ndiyo maana tangi la namna hiyo linaweza kupita jaribio la siku ya kwanza vizuri kabisa, kisha likaachia baadaye.

Ukakamavu wa kioo hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene. Kutoka mm 12 kwenda 15 unapata karibu mara mbili, na kutoka 15 kwenda 19 mara mbili nyingine. Kwa kimo cha sm 60 na urefu huo ningesema hivi: mm 12 kwa mkanda tu, mm 15 ndiyo ya chini kabisa kwa tangi la wazi, na mm 19 kama mfuko unaruhusu. Uzito usikutishe. Vioo vya mm 12 ni karibu kilo 120 bila mkanda, vya mm 15 karibu 150, na maji yenyewe yanazidi kilo 600. Kitakachouma ni bei ya shiti nene.

Ukikubali mkanda, mwelekeze fundi. Vipande viwili vya mm 12, upana sm 10, viende urefu wote mbele na nyuma, vigundishwe kwa ndani sm 2 au 3 chini ya ukingo. Katikati liwekwe daraja, yaani kipande cha kukatiza kutoka mbele hadi nyuma, la upana wa sm 20, lipandane na vipande vyote viwili kwa sm 10 nzima kila upande. Kosa la mafundi wengi ni daraja jembamba linaloshika kwa ncha tu.

Daraja likibanduka siku yoyote, usitafute gundi kwanza. Toa maji hadi nusu. Kimo kikiwa nusu, nguvu kwenye kioo inabaki robo.

MamaTropheus
Hapo juu mmezungumza kioo, hamjazungumza samaki. Cyprichromis ni warukaji. Tangi la wazi lisilo na wavu utakuwa unaokota dagaa wakavu sakafuni. Mkanda unakupa mahali pa kulaza vifuniko vya kioo cha mm 4 bila vishikizo vyovyote. Tangi la wazi litahitaji fremu ya wavu, na ukishaiweka, ule uzuri uliolipia umeufunika mwenyewe.

Halafu kuna maji kukauka. Yanayopotea hewani ni maji matupu, madini yanabaki. Ukijazia kwa maji magumu, yaani yenye madini mengi, kila siku, ugumu unazidi kupanda. Jazia kwa maji laini, ya mvua safi kwa mfano, na maji magumu yaache kwa siku ya kubadilisha.

Hasara ya daraja ni kivuli, pamoja na ukoga mweupe wa chokaa unaoganda juu yake. Siki na kitambaa vinautoa. Kwa tangi la mawe kivuli si tatizo. Lingekuwa la mimea ningekwambia lipia mm 15.

PimaMaji
Naongeza ya chini ya tangi, maana huko ndiko wengi hupasulia kioo. Meza isawazishwe kwa pima maji ikiwa tupu, na tena tangi likiwa na maji robo. Kama kioo cha sakafu kinakaa moja kwa moja juu ya mbao, tandika sponji ngumu ya mm 5 hadi 10, ile ya mikeka ya mazoezi inafaa. Kama tangi lina fremu ya plastiki chini, usitandike kitu: sponji itakisukuma juu kioo kilichokusudiwa kuning'inia.

Kioo kiwe cha kawaida. Cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, hakitobolewi, na kikishindwa kinamwagika chote kwa mpigo. Silikoni iwe ile yenye harufu ya siki, isiyo na dawa ya ukungu. Ya bafuni yenye dawa inaua samaki. Iache wiki mbili kabla ya maji, kwani unganisho la kioo nene hukauka polepole. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, kwa hiyo anayeziba mvujo kwa kupaka juu anajidanganya.

Siku ya kujaribu vuta uzi kwenye ukingo wa mbele, pima mwachano wa uzi na kioo katikati, tangi likiwa tupu, nusu, limejaa, na baada ya saa 24. Ukiendelea kukua baada ya hapo, toa maji.

Kambale_Kiziwi
Asanteni wote. Nikipunguza kimo hadi sm 50, mm 12 itafaa bila mkanda?

Kona4
Nguvu inashuka kwa karibu asilimia 30, na ujazo unatoka lita 648 hadi 540. Lakini kwa urefu wa sm 180, mm 12 wazi bado ni mpakani, mimi ningebaki na 15. Tropheus hawatapoteza kitu, wao wanataka sakafu na mawe. Cyprichromis ndio watakaokosa sm 10 za kuogelea.