Miezi 36 ya GI Bill: apewe mke, wapewe watoto, au igawanywe?

Mwana_Killeen
Wakuu habari. Tulinganishe hili. Askari wa Jeshi la Marekani, miaka 8 kazini, cheo E-5 (sajini), bado yumo. Mke anataka uuguzi, mtoto wa kwanza ana miaka 16, wa pili 9. Post-9/11 GI Bill ya askari (miezi 36 ya masomo inayolipiwa na serikali, anayoweza kuwahamishia mke na watoto) ni asilimia 100 na hajaigusa. Ampe mke yote aanze sasa, amwekee mkubwa yote, au agawe? Wapi pesa inakwenda mbali zaidi?

BintiTacoma
Anza na hili: mwezi mmoja wa GI Bill hauna thamani ileile mikononi mwa kila mtu. Mke akisoma mume akiwa bado kwenye utumishi kamili, VA (idara ya serikali ya maveterani) inalipa ada na hela ya vitabu, ila posho ya nyumba hapati hata senti. Mtoto akisoma baba yuko kazini vilevile, posho anapata. Nayo hupimwa kwa kiwango cha E-5 mwenye familia, kwa msimbo wa posta wa kampasi. Kwenye mji wa kodi kubwa, hiyo posho inaweza kuizidi ada ya chuo cha umma.

Sasa upande wa mtoto: hagusi chochote mpaka askari atimize miaka 10 ya utumishi, na yeye mwenyewe awe na miaka 18 au amemaliza sekondari. Akifika 26 mlango unafungwa, hata kama miezi imebaki. Hapa hesabu inakubali, maana mkubwa akifika 18, baba ana 10. Kura yangu ni kwa mkubwa.

Sajini_Mstaafu
Kabla ya kura, ombi lenyewe la kuhamisha miezi lipite kwanza. Linafanywa milConnect, tovuti ya wanajeshi, na lazima uwe bado jeshini. Ukishatoka huwezi kumwongeza mtu mpya. Sharti ni miaka 6 nyuma yako na kukubali mingine 4 mbele. Watu wengi hukwama hapo: mkataba umebakiza miaka 2, mtu anabonyeza kutuma, ombi linakataliwa. Ongeza mkataba kwanza, subiri tarehe mpya ionekane kwenye mfumo, ndipo utume.

Mke na watoto wote wawe DEERS, yaani daftari la jeshi la familia za askari. Asiyeonekana pale hayumo kwenye orodha ya kugawiwa, na kwa wenye familia iliyobaki Kenya au Tanzania hapo ndipo penye kazi: cheti cha ndoa na vya kuzaliwa, halisi, majina yakifanana herufi kwa herufi.

Halafu mpe kila mmoja angalau mwezi 1, hata huyo wa miaka 9. Aliyepewa mwezi mmoja unaweza kumwongezea hata ukiwa raia. Aliyeachwa na sifuri ndiyo basi. Mfano: mke 1, mdogo 1, mkubwa 34, kisha unahamisha kadiri mambo yanavyokwenda.

Karani_wa_Muhula
Naongezea ya chuoni. Kibali cha jeshi hakimlipi mtu. Mwanafunzi mwenyewe ajaze fomu 22-1990e kwa VA, apate cheti cha kustahili, akipeleke kwa ofisa wa chuo anayethibitisha usajili.

Posho inataka kasi ya masomo izidi nusu. Kama muhula kamili ni krediti 12, krediti 6 ni nusu kamili, kwa hiyo posho ni sifuri. Krediti 7 inaingia. Krediti moja tu hiyo! Akisoma yote mtandaoni, anapata nusu ya wastani wa kitaifa wa posho, kwa hiyo achukue walau somo moja la darasani. Vitabu ni hadi dola 1,000 kwa mwaka. Likizo kati ya mihula hailipiwi posho, wazazi wajipange kwa kodi ya Desemba na Januari. Na akiacha somo katikati, deni linakuja.

Mwana_Killeen
Na mke asubiri mpaka lini?

Dereva_wa_Hesabu
Asisubiri. Dada BintiTacoma amepima posho, hakupima mshahara. Muuguzi akianza kazi miaka miwili mapema, mshahara wake unaifunika posho iliyokosekana. Ila si lazima hizo hela zitoke GI Bill. Kuna MyCAA, ufadhili wa masomo kwa wenzi wa askari: dola 4,000 kwa mwenzi wa askari wa vyeo vya chini, E-5 yumo, kikomo 2,000 kwa mwaka wa fedha. Inalipia leseni, cheti au shahada ya miaka miwili, na uuguzi wa chuo cha jamii unaingia humo. Haigusi hata siku moja ya ile miezi 36.

Ajaze na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo. Kisheria chuo cha umma kinamtoza ada ya mkazi wa jimbo ambako mume amepangiwa kituo.

BintiTacoma
Kwa hapo nakubali, mradi ni chuo cha umma. Akitaka cha binafsi ndipo GI Bill ifikiriwe: kikomo cha ada kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 28,937.09, na tangu 1 Agosti 2022 wenzi wa walio kazini nao wanaingia Yellow Ribbon, mpango wa chuo na VA kuchangia ada, kwa kinachozidi, kama chuo kinashiriki.

Sajini_Mstaafu
Talaka haifuti miezi ya mke yenyewe; askari ndiye anayeirudisha, popote alipo. Lakini askari akiondoka jeshini kabla ya kutimiza ile miaka 4 bila sababu inayokubalika, iliyokwishatumika inageuka deni. Baada ya kutuma, rudi milConnect baada ya wiki chache uangalie hali. Ikisoma tu kwamba ombi limepokelewa, bado hujapata kitu. Ikishasoma limekubaliwa, chapisha ile barua uiweke pamoja na vyeti vya watoto.