Yule mhadhiri wa tanzia amenidhalilisha mbele ya darasa zima

Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka, na safari hii si kwa baridi ya Mbeya. Yule bwana mnamfahamu, hahitaji jina. Leo nimewasilisha kazi yangu kuhusu Mfalme Edipode wa Sophocles, nikieleza kwamba Edipode aliondoka Korintho ili utabiri wa kumwua baba yake usitimie, na kwamba mzee aliyemwua kwenye njia panda hakumjua. Kwa hiyo ameangushwa na kutojua, wala si na uovu. Bwana yule akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akasema: "Funzo ni kwamba kijana asiyemsikiliza mama yake huharibikiwa." Akanipa alama nne kwa ishirini.

Asiyemsikiliza mama yake! Edipode, aliyemwoa mama yake! Darasa limecheka hadi nadhani Tukuyu wamesikia. Zaidi ya miaka 2,400 wasomi wanaumiza vichwa, kumbe jibu lilikwisha kuandikwa kwenye kanga. Na ile miwani, akaipangusa taratibu, kwa tai!

Loleza_Juu: Pole, mkuu, lakini rudi kwenye tamthilia. Jocasta anamsihi aache kuchunguza asili yake, naye anakataa. Jocasta ni nani kwake? Umefungwa goli la kisigino.

Mleta uzi: Wakati huo Edipode alimjua kuwa mke tu! Halafu hamzungumzii tai.

Loleza_Juu: Basi funzo ni kumsikiliza mke. Nakuongezea alama moja.

Mwana_Kalenga: Afadhali nyinyi. Huku Iringa wetu kila tanzia huigeuza kuwa habari za Mkwawa. Makbeth ni Mkwawa, Brutus ni Mkwawa. Nilipomkumbusha kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimkamate, ilhali Makbeth anauawa na Macduff wakipigana, nilitolewa nje.

Bibi_Tamthilia: Kwa Brutus hajakosea sana, ndugu yangu. Naye alijichoma kwa upanga ili asipelekwe Roma akiwa mateka.

Mwana_Kalenga: Nawe pia ni mwanafunzi wake?

Kitanzini: Samahani kwa kuingilia. Mwenye tafsiri ya kwanza ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, ile ya 1963, si ile aliyoirekebisha mwaka 1969, aniazime. Wetu hukata alama ukinukuu nyingine.

Bibi_Tamthilia: Ninayo, ila kurasa za hotuba ya Antony zimechanwa.

Kitanzini: Hizo ndizo anazotungia mtihani!