Kinyungu changu na zile mita 60

MamaMufindi: Wadau, kinyungu (kishamba cha bondeni chenye unyevu) alichoniachia marehemu mama huku Mufindi kiko hatua 20 tu kutoka mtoni. Kila kiangazi napanda mahindi na maharage, ada ya watoto inatoka humo. Sasa tumeambiwa tutoke, tukae mita 60 kutoka mtoni. Niende wapi?

MzeeUsangu: Pole sana dada. Ni kifungu cha 57, Sheria ya Mazingira ya 2004. Wanataka kulinda maji: mto Ruaha Mkuu ukishatoka kwenye ardhi oevu ya Ihefu hukauka kiangazi, na ndio unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu, umeme wetu.

KijanaMafinga: Na mikaratusi inayonyonya maji je? Imepandwa hadi kwenye chemchemi! Ianze kung'olewa hiyo.

MamaMufindi: Hapo umenena mdogo wangu. Ya jirani nimeihesabu, 14. Chemchemi tuliyochota utotoni imebaki tope.