Naomba ushauri: Namna ya kuwafundisha vijana kuhusu watetezi wa usawa na mazingira

Ndugu zangu, ninaandaa masomo kwa vijana wa umri wa miaka 13 hadi 15 kuhusu watu waliotetea usawa na mazingira kwa pamoja, na ningependa kupata maoni ya waliowahi kuifanya kazi hii. Nimeanza na Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement, harakati ya upandaji miti nchini Kenya, mwaka 1977, kwa sababu katika harakati zake kupanda mti kulimpatia mwanamke wa kijijini kipato na sauti. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo refu katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, akakejeliwa hadharani, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kinachonitatiza ni Chico Mendes wa Brazili, mgema wa utomvu wa mpira na mtetezi wa msitu wa Amazon aliyeuawa mwaka 1988, na Ken Saro-Wiwa wa Nigeria, mwandishi aliyepinga uchafuzi wa mafuta katika ardhi ya watu wake, Waogoni, na aliyenyongwa mwaka 1995. Sitaki kuwaficha vijana yaliyowapata, wala sitaki waamini kwamba kudai haki ni kujitafutia kifo. Je, nitangulize madai yao au maisha yao? Na ni mwanamke gani asiyetajwa sana ambaye mngenishauri nimwongeze?